Programu za ziada za Linux: Nani awajibike seva ikigoma?

KAMPUNI inayolipia Red Hat Enterprise Linux kwa ajili ya seva zake hainunui programu yenyewe, kwani hiyo ni programu huria. Inanunua ahadi. Mfumo utafanyiwa marekebisho ya usalama kwa takriban miaka 10, na ukileta matatizo yupo mtu wa kupigiwa simu.

Ili ahadi hiyo itimizwe, muuzaji hulazimika kuchagua programu chache, kuzijaribu na kubaki na matoleo yaleyale kwa muda mrefu. Meneja wa benki hufurahi, maana kilichofanya kazi jana kitafanya kazi kesho. Fundi wake hafurahi sana. Akitaka kuona kwa urahisi ni kazi gani inayokula kumbukumbu ya seva, anahitaji htop. Akitaka kuwafungia mlango wanaobahatisha nywila usiku kucha, anahitaji fail2ban. Kwa miaka mingi hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwamo katika mfumo wa msingi.

Pengo hilo lilijitokeza wazi baada ya mwaka 2003, Red Hat ilipoachana na Red Hat Linux ya zamani. Toleo la 9 likawa la mwisho. Wanaolipa wakaelekezwa kwenye Enterprise, na jumuiya ikapewa Fedora, inayobadilika haraka na yenye programu tele. Mafundi wa upande wa kulipia wakaanza kuokoteza vifurushi kwenye maghala mbalimbali ya intaneti, kila moja na kanuni zake. Mengine yalithubutu kubadilisha hata vifurushi vya msingi.

Ubaya wake ni nini? Chukua mfano wa Python. Hadi toleo la 7 la mfumo huo, chombo cha kuweka na kuondoa programu, yum, kilitegemea Python ileile iliyokuja na mfumo. Fundi akiing'oa ili aweke mpya, yum inakufa, na njia ya kawaida ya kusahihisha kosa inakufa nayo. Hapo hata mkataba wa huduma huwa hausaidii sana, kwa sababu seva si ile tena iliyouzwa.

Dawa ilipatikana ndani ya mradi wa Fedora wenyewe: ghala la pembeni linaloitwa EPEL, yaani vifurushi vya ziada kwa Linux ya makampuni. Kanuni yake kuu ni kwamba kifurushi cha EPEL hakiruhusiwi kuchukua nafasi ya kile cha msingi wala kugongana nacho. Ni kama trekta na tela: tela hufungwa nyuma, injini haiguswi.

Kanuni hiyo ilionekana kazini katika toleo la 7. EPEL ilitoa Python 3 kwa majina tofauti, ikakaa kando ya ile ya zamani bila ugomvi. Mwaka 2019 Red Hat ilipoingiza Python 3.6 katika toleo la 7.7, EPEL iliondoa ya kwake. Nginx nayo ilipita njia hiyo: waliokuwa wakiichukua EPEL waliikuta ndani ya toleo la 8.

Lakini mwenye kampuni asidhani risiti yake inafika hadi huko. Red Hat haitoi msaada kwa vifurushi vya EPEL. Wanaovitunza ni wanajumuiya wa Fedora, wakiwamo baadhi ya waajiriwa wa Red Hat, na mtunzaji akichoka, kifurushi huitwa yatima. Kikikosa wa kukichukua huondolewa. Kwa hiyo biashara isijengwe juu ya kifurushi ambacho hakuna mtu ofisini anayejua kukitunza.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hulijua baada ya kuumia. Hadi toleo la 9, vifurushi vya EPEL hutengenezwa kufuatana na toleo dogo la karibuni la mfumo, na kwa kawaida ghala huonyesha toleo jipya tu la kila kifurushi. Seva iliyoachwa nyuma huanza kukataa masasisho. Anayetaka kurudi nyuma awe amehifadhi nakala zake mwenyewe.

Wasiolipa pia hutumia ghala hili. CentOS, iliyoanza mwaka 2004 kama nakala ya bure ya mfumo wa Red Hat, ililitegemea sana. CentOS Linux 8 ilifikia mwisho Desemba 31, 2021, na wengi wakahamia AlmaLinux na Rocky Linux, ambako EPEL inafanya kazi vilevile. CentOS 7 ilifuata Juni 30, 2024, na EPEL ya toleo hilo ikawekwa kwenye kumbukumbu. Seva ambazo bado zinaendeshwa nayo zinaweza kupakua vifurushi vyake, ila tundu la usalama likigundulika leo, ghala hilo halitaleta kiraka.