Ng'ombe wa Sadaka na Mkate Mweupe: Mtakatifu Mellitus kati ya Waanglo-Saksoni

Kila tarehe 27 Mei Kanisa humkumbuka Mtakatifu Agostino wa Canterbury, mtawa aliyetumwa na Papa Gregori Mkuu kuwahubiria Waanglo-Saksoni, akawasili Kent mwaka 597 pamoja na wenzake wapatao 40. Mtakatifu Mellitus, aliyetumwa kuwaongezea nguvu mwaka 601, hatajwi sana miongoni mwetu. Hata hivyo, ndiye aliyeandikiwa barua ambayo mpaka leo hurejewa panapozungumzwa suala la utamadunisho, na ndiye aliyelazimika baadaye kuonja mahali ambapo utamadunisho hufikia kikomo.

Waanglo-Saksoni hawakuwa taifa moja. Walikuwa Waangli, Wasaksoni na Wajuti, ambao katika karne ya 5, baada ya utawala wa Roma kuondoka Britania, walivuka bahari kutoka nchi ambazo leo ni Ujerumani na Denmark. Kila kabila lilikuwa na mfalme wake. Miji ya mawe iliyoachwa na Warumi haikuwavutia sana. Walijenga vijiji vya mbao na kuezeka kwa nyasi, kama kile kilichofukuliwa na wanaakiolojia huko West Stow, mashariki mwa Uingereza. Wanawake walisokota sufu na kufuma nguo. Shayiri iliwapa mkate na pombe, na karamu ilikuwa kifungo cha ujamaa: aliyeketi kula ukumbini mwa bwana wake alikuwa mtu wake katika amani na katika vita.

Ibada nayo ilifuata majira ya kazi. Mtakatifu Beda Mheshimiwa, mtawa wa Jarrow aliyekamilisha historia ya Kanisa la taifa lake mwaka 731, anaeleza kwamba mwezi wa Novemba uliitwa mwezi wa sadaka, kwa kuwa ng'ombe waliokusudiwa kuchinjwa waliwekwa wakfu kwa miungu. Mfugaji ataelewa mara moja. Majira ya baridi yanakaribia, malisho yanakwisha, na kundi zima haliwezi kulishwa. Kuchinja kulikuwa lazima ya maisha kabla ya kuwa tendo la dini, nayo nyama ililiwa na kijiji kizima kwa furaha. Basi mmisionari angefanya nini? Akipiga marufuku sikukuu, angekuwa amegusa chakula, ujirani na kalenda ya watu kwa pamoja.

Papa Gregori mwenyewe hakulijibu swali hili mara moja. Kwanza alimwandikia Ethelbert, mfalme wa Kent, akimhimiza abomoe mahekalu ya miungu. Kisha, Mellitus akiwa bado njiani, akamwandikia kwamba ametafakari sana na kuamua vingine: sanamu ziharibiwe, lakini mahekalu yaliyojengwa vizuri yaachwe, yanyunyiziwe maji ya baraka, yawekewe altare na masalia ya watakatifu. Watu wajenge vibanda vya matawi kuzunguka makanisa siku ya kutabaruku au ya mashahidi, wachinje ng'ombe wao wale, wakimshukuru Mungu mpaji wa vyote. Kwa maoni yangu, jambo zuri kuliko yote katika barua hiyo ni kwamba Baba Mtakatifu hakuona haya kubadili agizo lake.

Mwaka 604 Mellitus aliwekwa wakfu kuwa askofu wa London, kati ya Wasaksoni wa Mashariki. Mfalme wao Saeberht, mpwa wa Ethelbert, alibatizwa. Wanawe watatu hawakubatizwa. Saeberht alipofariki, yapata mwaka 616, wana hao waliirudia miungu yao hadharani. Beda anasimulia kwamba walimwona askofu akiwagawia waamini Ekaristi kanisani, wakamwuliza kwa nini hawapi na wao ule mkate mweupe aliokuwa akimpa baba yao. Mellitus akajibu kwamba wakikubali kuoshwa katika maji ya wokovu aliyooshwa baba yao, wataushiriki. Wao wakasema hawana haja na maji hayo, ila mkate wanautaka.

Tusiwacheke upesi. Katika desturi yao, kumnyima mtu chakula cha karamu ni kumfukuza katika jamaa, na hapa walionyimwa walikuwa wafalme. Wala Mellitus hakuwa mtu mgumu. Alikuwa na barua iliyomruhusu kuacha ng'ombe, vibanda na kuta za mahekalu. Mkate huu haukuwa miongoni mwa mambo hayo. Wakamfukuza nchini, naye akavuka bahari mpaka Gali, yaani Ufaransa ya leo.

Wafalme hao waliuawa vitani muda si mrefu baadaye. Mellitus aliitwa arudi, lakini watu wa London walikataa kumpokea. Mwaka 619 akawa askofu mkuu wa Canterbury, akafariki mwaka 624. Wasaksoni wa Mashariki walirudi katika imani miaka ya 650 tu, kwa mahubiri ya Mtakatifu Cedd, Mwanglo-Saksoni mwenzao aliyelelewa katika monasteri ya Lindisfarne. Kanisa linalohusishwa naye bado limesimama ufukweni huko Bradwell, likiwa limejengwa kwa mawe ya ngome ya Warumi. Kwa muda mrefu wakulima walilitumia kama ghala, na leo watu husali humo tena.