Watoto Wadogo na Siku ya Ukaguzi

Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya jambo lililo dogo machoni pa wengi, nalo ni zito. Katika miji ya Korogwe na Handeni, na vijiji vyake, wako akina mama wapokeao watoto wa jirani asubuhi, wazazi wao waendapo shambani, kwenye mkonge au gulioni, wakawalea hata jioni. Kazi hiyo ni njema. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kama ile ya mwaka 1981 iliyoitangulia, yataka kila aendeshaye kituo cha kulelea watoto mchana awe na kibali, na Afisa Ustawi wa Jamii huja kukikagua. Habari ya kuja kwake ikisikika, nyumba huingiwa na hofu, na hofu hiyo huzaa makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kumtisha mtoto. "Nyamaza! Afisa yuaja, atakuchukua!" Ndivyo tulivyotishwa nasi zamani kwa habari za mumiani na sindano ya daktari. Basi mgeni aingiapo na daftari lake, mtoto hukimbilia uvunguni, na mlezi hukasirika, naye ndiye aliyeipanda hofu ile. Tena tukumbuke ya kuwa mtoto huanza kuogopa sura ngeni apatapo miezi 8 au 9 hivi. Akilia, si aibu ya nyumba. Afisa aijuaye kazi yake hutazama mtoto amkimbilia nani. Akimkimbilia mlezi na kutulia mikononi mwake, ushuhuda huo wapita maneno mengi.

Kosa la pili ni baya zaidi, nalo ni kumfundisha mtoto majibu. Huambiwa, "Ukiulizwa, sema mwanywa maziwa kila siku. Sema hupigwi. Ya jana usiyataje." Je, hapo twamfundisha nini? Twamfundisha ya kuwa yako mambo yasiyosemwa mbele ya mtu awezaye kumsaidia. Siku mtu mbaya atakapomdhuru na kumwambia, "Usiseme," mtoto huyo atanyamaza, maana kunyamaza tumekwisha kumzoeza sisi wenyewe. Afisa ni mmoja wa wale waliowekwa wamlinde, nasi tumemfungia mlango. Wahenga walisema, Mficha maradhi kifo humwumbua.

Basi, tuwatayarisheje? Siku mbili tatu kabla, waambieni maneno machache ya kweli: "Atakuja mgeni. Atatazama mahali tunapochezea na tunapolia chakula. Tutamwamkia. Akikuuliza, mjibu ujuavyo. Usipotaka kujibu, si kosa." Kisha wacheze mchezo wa ukaguzi: mtoto mmoja awe afisa, ashike kijitabu, ahesabu vikombe na mikeka. Nanyi walimu mkaao karibu, piteni siku moja mkawe wageni wao, ili wazoee. Siku yenyewe, wavae nguo zao za kila siku zilizofuliwa, wale na kulala kwa saa zao. Msiwakalishe kwenye benchi tangu alfajiri wakingoja.

Lakini matayarisho makubwa ni ya nyumba, wala hayafanywi kwa siku moja. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa mwezi wa Desemba 2021, yataja mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, kujifunza tangu awali, na ulinzi na usalama. Yatazameni nyumbani mwenu moja moja. Je, kisima kina kifuniko? Mafuta ya taa na dawa vimewekwa juu, mahali mkono wa mtoto usipofika? Jiko limezuiliwa? Majina ya watoto yameandikwa, na majina ya watu wenye ruhusa ya kuwachukua jioni? Mtoto aitapo, yuko amwitikiaye? Na Handeni, ambako maji yamekuwa taabu miaka mingi, msidhani usafi hauwezekani: kibuyu chirizi kilichotundikwa kando ya choo, na kipande cha sabuni, huosha mikono mingi kwa maji machache.

Ukiwapo upungufu, mwonyesheni afisa wenyewe, mkamwambie mmefika wapi katika kuutengeneza. Ukisitirika leo, utamwumiza mtoto kesho. Ukionekana, huenda mkapata shauri jema. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Neno moja zaidi. Afisa akiisha kwenda, huenda mtoto mmoja akawa amemwambia ya kuwa jana uji haukutosha, au ya kuwa dada humfinya. Tafadhalini, asikaripiwe. Mwiteni, mketi naye, mkamsikilize hata mwisho. Kisha tengenezeni lile alilolisema.