Sarafu nne, karata nne na kicheko cha mpakani

ARUA, Uganda

Mfanyabiashara anayetoka Arua kwenda Koboko hupita Ombaci akiwa na hesabu tatu kichwani: shilingi ya Uganda, faranga ya Congo na pauni ya Sudan Kusini. Nyuma yake, Vurra ndiyo njia ya kwenda Aru na Ariwara. Mbele, ukishapita Koboko, kuna Oraba, na ng'ambo yake Kaya. Pale Salia Musala nchi zote tatu zinakutana. Katika safari hiyo fedha hubadilishwa mkono kwa mkono, mara nyingi kwa haraka na watu wakiwa wamezunguka. Kwa sababu hiyo mazingaombwe ya sarafu na karata yanamhusu mchuuzi kuliko mtu mwingine yeyote.

Kuyatazama ni rahisi. Sarafu 4 huwekwa kwenye pembe 4 za kitambaa, kisha hufunikwa kwa karata 4. Mchezaji anapuliza, anafunua karata moja: patupu. Anafunua nyingine: sarafu 2. Anarudia, zinakuwa 3, halafu 4, zote chini ya karata moja. Michezo ya namna hii ilikuwapo Ulaya tangu mwishoni mwa karne ya 19, lakini mtindo unaochezwa zaidi leo unaitwa Matrix. Aliutoa Al Schneider wa Marekani mwaka 1970.

Hapa West Nile hadithi ya kuusimulia haitafutwi mbali. Pembe moja iite Arua, ya pili Koboko, ya tatu Ariwara, ya nne Kaya. Sarafu ni wachuuzi, karata ni maofisa wa forodha waliosinzia baada ya chakula cha mchana. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Congo mwaka 2022, kwa hiyo kwenye karatasi pembe zote 4 ni za nyumba moja. Sarafu zinavuka bila foleni wala stakabadhi. Magunia bado hayajajua siri hiyo.

Sarafu zenyewe zina ucheshi wake. Ya shilingi 200 ina samaki, ya 500 ina korongo. Ifunike ya 200 kwa karata, fanya ionekane imegeuka 500, na mtoto yeyote sokoni atakuambia kilichotokea: korongo kamla samaki. Kwa mgeni kutoka Ariwara ajabu huanza mapema zaidi, maana faranga ya Congo, tangu ilipoanza mwaka 1998, imekuwa fedha ya noti. Sudan Kusini ilitoa sarafu mwaka 2015, ila mfumuko wa bei umezimeza bila msaada wa mwanamazingaombwe.

Lakini kwa nini kuchekesha? Mwingereza Tommy Cooper alijenga jina lake kwa kuharibu. Alivaa tarbushi, mazoea aliyoyapata akiwa jeshini Misri miaka ya 1940; kofia hiyo wazee wa West Nile wanaijua tangu enzi za KAR. Karata iliyotoka ilikuwa siyo, kitu kilichopaswa kupotea kilianguka sakafuni, watu wakavunjika mbavu. Kumbe alikuwa fundi hasa. Mtu anayecheka huinua uso, na akiinua uso ameacha kuangalia mikono.

Na siri ya sarafu 4 si kasi ya vidole, kama wengi wanavyodhani. Mchezaji huwa mbele kwa sarafu moja. Wakati mtazamaji anaanza kuhesabu, ya kwanza imekwisha kuhama, ilipokuwa ikifunikwa.

Pata potea inafanya kazi hivyohivyo, ila pale kicheko kina bei. Karata 3 zinazungushwa juu ya boksi, nawe unaambiwa umtafute malkia wa kopa. Mchezaji anashika karata 2 kwa mkono mmoja. Unaamini ameangusha ya chini, kumbe ameangusha ya juu. Yule jamaa aliyeshinda kabla yako ni mwenzao. Ile kona ya karata iliyokunjika kidogo, unayodhani umeiona wewe peke yako, imekunjwa kwa ajili yako. Mtaji wa wiki nzima unaweza kuishia juu ya boksi hilo, na aliyekuja kununua mchele anarudi nyumbani mikono mitupu. Sheria ya adhabu ya Uganda inahesabu kujipatia mali kwa hila ya namna hii kuwa kosa, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 3. Tatizo ni kwamba boksi hukunjwa na kutoweka kabla polisi hajafika.

Wapo pia wabadilishaji fedha wachache waliosoma darasa hilohilo. Noti iliyokunjwa katikati ya bunda huhesabiwa mara mbili. Mwingine anakupa bunda kamili, unahesabu, unaridhika, halafu anakumbuka jambo, analichukua "kuhakiki" na kulirudisha likiwa jembamba. Yuko mbele kwa noti moja au tano. Wachuuzi wazoefu huhesabu wa mwisho, na bunda likishahesabiwa halirudi mkononi mwa mwingine, hata kama kuna utani gani.

Kwa atakayekwama kwenye foleni Oraba au Vurra, kuna mchezo mmoja usio na ulaghai hata chembe. Laza karata juu ya ncha ya kidole cha shahada, weka sarafu katikati yake, juu ya kidole. Kwa mkono wa pili, piga ukingo wa karata kwa kidole, kwa nguvu na kwa usawa. Karata inaruka, sarafu inabaki imetulia kwenye kidole. Ofisa kahamishwa, mzigo umebaki. Ukikosea mara mbili tatu ni kawaida. Watu watacheka, nawe okota upesi, maana hiyo ni shilingi 500.