Si Uvivu, ni Upungufu wa Damu

Binti asinziaye darasani huitwa mvivu, kumbe damu yake ni haba. Katika vijiji vya Garsen, kandokando ya Mto Tana, hedhi, malaria na minyoo ya safura humpunguzia damu angali anakua. Maziwa, ambayo wafugaji wetu Waorma na Wawardei huyaenzi (wala hatuwalaumu), yana madini ya chuma kidogo mno. Nayo chai inywewayo pamoja na mlo huyazuia madini ya kunde na mchicha yasiingie mwilini. Basi chai na isubiri walau saa moja; embe au ndimu ndiyo iandamane na chakula, na samaki au nyama ikipatikana. Mama, mpeleke zahanati akapimwe: hemoglobini iliyo chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu, na yafaa utibiwe kabla hajaolewa na kushika mimba.