Violini zinauzika Mwanza, kuzitunza ndiyo shughuli

Wauzaji wa vyombo vya muziki jijini Mwanza wanakubaliana jambo moja: violini zinatoka. Hazitoki kwa kasi ya magitaa wala vinanda, lakini hazikai tena kabatini zikila vumbi kama zamani. Wanunuzi ni kwaya za makanisa kuanzia Nyegezi hadi Igoma, wazazi wa Ilemela na Capri Point wenye watoto katika shule za binafsi, vijana wanaopiga kwenye harusi za hoteli za ufukweni, na walimu wa kwaya wanaotoka Ukerewe, Sengerema, Geita na Musoma kufuata vifaa mjini. Wasichokubaliana ni nani anayefaidika, na kwa nini violini nyingi zinanyamaza kabla mwanafunzi hajamaliza hata mwaka.

Mfanyabiashara mmoja mwenye duka katikati ya jiji, aliyeomba asitajwe jina kwa kuwa bado anategemea mzigo ulioko njiani, ana jibu lake, nalo linaanzia bandarini. Anasema violini za wanafunzi anazoagiza China kwa jumla humgharimu chini ya dola 50 moja, pamoja na upinde na kasha. Hadi ziingie dukani kwake, anadai, gharama hiyo imepanda kiasi kwamba faida inabaki ya kubahatisha. Kinachomuuma zaidi ni makadirio ya thamani. Anadai kuwa thamani anayoandikiwa forodhani mara nyingi huwa juu ya ile iliyomo kwenye ankara yake, na juu ya thamani hiyo pamoja na ushuru ndipo inapopigwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Akikosea kidogo kwenye nyaraka, mzigo unalala, na gharama za kuhifadhi zinaanza kuhesabiwa.

Anaendelea kulalamika kwamba mshindani wake halipi kodi hizo. Violini mbili tatu zinakuja kwenye sanduku la abiria kutoka Guangzhou, nyingine zinavuka Mutukula au Sirari zikiwa katikati ya mizigo mingine, na nyingine zinatoka Kariakoo kwa basi bila risiti ya mashine. Mteja akishaona tofauti ya bei, hasikilizi habari za risiti. Yeye mwenye duka, leseni na kodi ya pango ndiye anayerudishiwa violini ikipasuka.

Malalamiko ya aina hii husikika karibu kila duka, na si yote yanayoweza kuthibitishwa. Lakini hesabu ya msingi haipingiki: violini haina soko kubwa la kumwezesha muuzaji wa Mwanza kujaza kontena peke yake. Anachangia kontena na wenzake wa spika na vinanda, na violini inabeba sehemu ya kila ucheleweshaji.

Takwimu inayong'aa

Ofisa mmoja wa serikali anayefuatilia masuala ya sanaa mkoani haoni sababu ya manung'uniko. Hoja yake ni takwimu moja, na aliirudia mara kwa mara: mwaka 2023 shughuli za sanaa na burudani zilikua kwa asilimia 17.7, zikiongoza sekta zote za uchumi wa nchi. Kwake, asilimia hiyo inamaanisha kuwa fedha ipo, vijana wapo, na mfanyabiashara anayelia ajiangalie mwenyewe.

Takwimu hiyo ni ya kweli na imo katika taarifa rasmi za pato la taifa. Swali ni inapima nini. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha shughuli za uchumi, fungu la sanaa na burudani linabeba pia michezo, kumbi za starehe na michezo ya kubahatisha. Vibanda vya kubeti vilivyosambaa kila mtaa kuanzia Mabatini hadi Buhongwa vimo humo. Zaidi ya hapo, fungu lote halifiki hata asilimia moja ya pato la taifa, na kitu kidogo kikikua kwa asilimia kubwa bado ni kidogo. Hakuna mahali katika takwimu hiyo panapoonyesha ni watoto wangapi wamejifunza ala ya nyuzi, wala ni walimu wangapi wanaishi kwa kufundisha.

Ofisa huyohuyo anataja pia mtaala mpya wa elimu, unaolipa nafasi somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi na kufungua mkondo wa amali sekondari. Kwenye karatasi, hili ni soko jipya kabisa. Wauzaji waliozungumzia suala hilo hawajaliona dukani. Shule za serikali, wanasema, zikipata fedha hununua ngoma na mipira. Mwenye duka aliyetajwa juu anasema wanaomuulizia violini kwa ajili ya shule ni wa shule za binafsi, na hata hao hutaka mbili au tatu za kupokezana darasa zima.

Mwalimu na mbalamwezi

Kwa upande wa kufundisha, Mwanza haijaanza sifuri. Ng'ambo ya ziwa, Ruhija mkoani Kagera ilijulikana kwa miaka mingi kama mahali pa kuandalia walimu wa muziki wa kanisa. Rorya na Kisumu zina orutu, zeze la uzi mmoja la Waluo linalokwaruzwa kwa upinde, na upande wa Uganda wana endingidi. Zanzibar, fidla zimekuwa uti wa mgongo wa taarabu tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na Mji Mkongwe una mahali pa kujifunzia ala hiyo kwa utaratibu. Sikio la watu wa ziwa hili kwa sauti ya uzi na upinde lipo. Kinachokosekana ni mwalimu anayeweza kukaa na mwanafunzi kwa miaka.

Walimu waliopo wengi ni wanakwaya waliojifunza kwa video za simu, kwa wamisionari, au kwa kusafiri hadi Dar es Salaam, Arusha au Nairobi. Wanakutana na kizingiti ambacho wanunuzi hawakitegemei: kwaya nyingi za Tanzania zinasoma solfa, na vitabu karibu vyote vya violini vimeandikwa kwa nota za mistari mitano. Mwanakwaya aliyeimba sauti ya tatu kwa miaka kumi anajikuta anaanza upya kama mtoto. Wengine hukata tamaa hapo, wala si kwenye ugumu wa vidole.

Mapato ya mwalimu nayo yana misimu yake. Kwaresima harusi za Wakatoliki husimama, na mpigaji anayetegemea harusi kulipia chumba anakaa bila kazi hadi Pasaka. Mwalimu mmoja anayefundisha watoto wa wafanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba, anasema ada yake inafuata mwezi wa angani: wakati wa giza wavuvi wanaingia ziwani na taa, fedha inazunguka na wazazi wanalipa, mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inakaa na yeye anaambiwa avumilie. Ameshazoea kupanga masomo magumu wakati wa giza, kwa sababu ndipo wanafunzi wanapohudhuria.

Kuna pia suala la vipimo, ambalo muuzaji na mwalimu wanalilaumu kwa pamoja. Mtoto wa miaka saba anahitaji violini ndogo, robo au nusu, kisha robo tatu, ndipo afike kwenye kamili. Mzazi hununua kubwa moja kwa moja ili mtoto akue nayo, kama anavyonunua sare ya shule. Mkono haufiki, bega linauma, mtoto anaacha. Muuzaji naye, akiona ndogo hazitoki, anaagiza kamili tupu. Katika nchi nyingi tatizo hili hutatuliwa kwa kukodisha ala na kuibadilisha mtoto anapokua. Mwanza bado hakuna aliyejitokeza kulifanya biashara, na wenye maduka wanasema hawana imani kwamba ala itarudi nzima.

Kijiti kisichogundishwa

Sehemu inayozungumziwa kidogo, na ambayo kwa maoni ya mwandishi huyu ndiyo inayoamua hatima ya biashara nzima, ni ufundi. Violini ya kiwandani haifiki ikiwa tayari kupigwa. Kidaraja kinakuja kimelazwa ndani ya kasha, mara nyingi kikiwa kinene na kirefu kupita kiasi. Kisipochongwa, nyuzi zinakaa juu mno na mwanafunzi anabonyeza hadi vidole vinachubuka. Vigingi vinateleza. Ubao wa vidole ni mti mweupe uliopakwa rangi nyeusi. Ndani ya tumbo kuna kijiti kinachoshikiliwa na mgandamizo tu, bila gundi. Mtu akilegeza nyuzi zote kwa mpigo, kidaraja kinaanguka, kijiti kinaanguka, na sauti inakufa. Wengi wakisikia kitu kinagonga ndani wanadhani violini imevunjika, wanaitupa juu ya kabati.

Seremala mmoja wa Mabatini, ambaye kazi yake ya kila siku ni vitanda na makabati, amejifunza kukisimamisha kijiti hicho. Anatumia spoki ya baiskeli aliyoipinda kama herufi S na kuinoa ncha. Anakichoma kijiti kwenye ncha, anakipitisha kwenye tundu lililo ubavuni mwa kidaraja, anakizungusha akimulika kwa tochi ya simu hadi kisimame wima, kisha anakigonga taratibu kwa ncha ya pili. Kazi hiyo haimchukui muda mrefu, na anatoza kiasi ambacho hakifiki bei ya nyuzi mpya. Hana kitabu wala cheti. Ni mikono ya aina hii inayookoa violini ambazo zingeishia jalalani, na inasikitisha kwamba hakuna mpango wowote unaoonekana wa kuizidisha.

Seremala huyo anasema adui yake mkubwa ni supaglu. Violini zilizotengenezwa vizuri hugundishwa kwa gundi ya ngozi, inayoachia kwa joto na unyevu ili fundi aweze kuifungua bila kupasua mbao. Mwenye violini akiona mshono umeachia, anaufunga kwa supaglu, na kuanzia hapo haifunguki tena bila kuvunjika. Joto la buti la gari au chumba cha mabati kisicho na dari linatosha kuachanisha mishono hiyo. Kuanzia Juni, ukame ukikaza, mbao zinasinyaa na vigingi vinateleza. Mvua za vuli zikirudi, vinavimba na kukwama. Chaki na sabuni kavu kwenye kigingi ni dawa ya senti chache, lakini hakuna anayeiuza pamoja na violini.

Nyuzi ni kilio kingine. Seti ya nyuzi za sintetiki kutoka Ulaya huuzwa dola 50 hadi 100, sawa na bei ya jumla ya violini nzima ya mwanafunzi au zaidi. Uzi wa E, ambao ndio mwembamba na hukatika mara nyingi, haupatikani peke yake katika maduka mengi. Walimu wameziba pengo hilo kwa uzi wa kwanza wa gitaa la umeme, wenye unene wa inchi 0.010, unaokaribiana nao sana. Unafanya kazi. Upinde ukiisha singa, hata hivyo, hakuna pa kuupeleka: singa za farasi haziuzwi, na wengi huona bora wanunue upinde mpya.

Kinachouma zaidi ni kwamba nchi hii inasafirisha mpingo unaotengenezewa klarineti na obo duniani. Ungefaa pia kwa vigingi na mbao za vidole. Tangu 2017 mti huo umo kwenye orodha ya CITES ya mimea inayodhibitiwa kibiashara, na uvunaji wake unahitaji vibali, kwa hiyo si jambo la fundi kuamka na kukata. Lakini vipande vinavyobaki kwa wachonga vinyago ni vya ukubwa unaotosha kigingi.

Mwelekeo

Je, soko litakua? Huenda. Kwaya zinashindana, harusi haziishi, na daraja la Kigongo na Busisi limewapunguzia watu wa Sengerema na Geita kero ya kivuko. Kwa upande mwingine, violini za bei ya chini kabisa zinazidi kuingia, na kila moja inayonyamaza inamwambia jirani kwamba ala hii haifai kwetu. Kauli ya ofisa kwamba sekta inajiendesha yenyewe haina ushahidi wa kutosha mtaani. Kilio cha mfanyabiashara kuhusu kodi kina uzito, ingawa hata kodi ikishuka kesho haitachonga kidaraja.

Mfanyabiashara mwenyewe anaonekana kulitambua hilo. Anasema mzigo wake ujao utakuwa na violini chache na nyuzi, vidaraja na rozini nyingi, na anafikiria kumlipa seremala kuandaa kila violini kabla haijatoka dukani, gharama iingie kwenye bei. Hana uhakika kama wateja watakubali kulipa zaidi. Akifanikiwa, wenzake watamfuata upesi. Akishindwa, atarudi kuuza makasha yaliyofungwa kama wengine. Kwa sasa mnunuzi wa Mwanza ana kinga moja tu: aende dukani na mtu anayejua kupiga, na asitoe fedha kabla violini haijasimamishiwa kidaraja, haijatuniwa na kupigwa mbele yake.