AFYA YA BINTI ZETU HOSTELINI NI KAZI YA CHAMA



Tukikutana mkutanoni tunazungumza juu ya mishahara, nyongeza, likizo na wenzetu walioachishwa kazi bila barua. Hayo ni mambo ya haki na hatutayaacha. Lakini liko jambo moja linalokula mishahara yetu kimya kimya, nalo hatulitaji. Jambo hilo ni afya ya binti zetu wanaokaa hostelini.

Watu wengi wa Uganda wanaijua Onduparaka kwa ajili ya mpira. Timu yetu ilipanda Ligi Kuu mwaka 2016, na jina la mahali petu likasikika redioni nchi nzima. Tunashukuru. Lakini Onduparaka siyo uwanja wa mpira peke yake. Arua imekua, ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2020, na Chuo Kikuu cha Muni kipo hapa tangu mwaka 2013. Wasichana wanatoka Koboko, Maracha, Yumbe na Terego kuja kusoma, kujifunza cherehani, au kufanya kazi za hoteli na dukani. Wengi hawana jamaa mjini. Wanapanga chumba wanne au watano pamoja, na nyumba hiyo inaitwa hosteli.

Wasichana hawa ni watoto wa nani? Ni watoto wa dereva, wa mpishi, wa askari wa lindo, wa mfagiaji wa soko. Wengine ni wafanyakazi wenyewe. Baba analipa karo na pango. Binti akiugua analipa tena dawa, na masomo aliyokwisha kuyalipia yanapita bila yeye kuwamo darasani. Basi ugonjwa wa hosteli ni makato ya mshahara, ingawa hayaandikwi katika karatasi ya mshahara.

Nilipolileta jambo hili mbele ya wenzangu, baadhi walicheka. Mmoja alisema, "Hayo ni maneno ya wanawake, waachie mama zao." Ndugu yangu, mama yake yuko kijijini analima muhogo. Anayelipa pango la chumba kile ni wewe. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Afadhali tuyaseme.

Upungufu wa damu

Msichana anaamka asubuhi anakunywa chai ya rangi. Mchana chapati moja. Jioni posho na mchuzi wa maji. Tumbo limejaa, lakini mwili haukupata kitu. Baada ya miezi michache anasikia kizunguzungu, anachoka akipanda kilima kidogo, moyo unamwenda mbio, viganja na ndani ya kope vimekuwa vyeupe. Watu wanasema ni mvivu, au amerogwa. Kumbe damu yake imepungua.

Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa Uganda wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 32 walikuwa na upungufu wa damu. Sababu siyo moja. Kwanza ni damu ya kila mwezi. Pili ni malaria, ambayo hapa West Nile ni mgeni asiyetaka kuondoka. Tatu ni minyoo ya safura, inayoingia kwa ngozi ya miguu ukitembea pekupeku penye udongo uliochafuliwa kwa choo. Nne ni chakula kisicho na madini ya chuma. Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji miligramu 15 za madini hayo kila siku, na mvulana wa umri huo miligramu 11 tu. Lakini katika nyumba zetu nyingi, nyama nyingi anapewa nani? Jibu mnalo.

Chungu kimoja

Wengine watasema, chakula bora ni cha matajiri. Sivyo. West Nile ina maharage, kunde, ufuta, karanga, dodo, majani ya kunde, na samaki wadogo wa Ziwa Albert wanaouzwa wakavu kwa kikombe. Vyote hivyo vinajenga mwili. Embe zetu zinaoza chini ya miti wakati wa msimu, na embe, limau au nyanya ikiliwa pamoja na mboga huusaidia mwili kuyapata madini ya chuma yaliyomo. Chai inafanya kinyume: ukinywa chai pamoja na chakula, inazuia madini hayo. Basi chai na inywewe saa moja kabla ya kula au saa moja baada ya kula. Shauri hili halina gharama hata senti.

Shida kubwa ya hostelini ni kwamba kila msichana anapika peke yake, au hapiki kabisa. Mmoja hawezi kununua beseni la maharage, lakini watano wanaweza. Watano wakichanga, wakaloweka maharage usiku kucha ili yaive upesi, wanatumia makaa kidogo na wanakula vizuri. Haba na haba hujaza kibaba. Hivi ndivyo na chama chetu kilivyojengwa, kwa michango midogo midogo.

Yapo matatu ya kuangalia. Karanga zilizoota ukungu zisipikwe wala zisisagwe, kwa maana zina sumukuvu inayoharibu ini, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Muhogo mchungu umenywe, uloweke au uvundikwe, kisha uanikwe mpaka ukauke sawasawa kama mama zetu walivyotufundisha. Mwenye haraka anakula sumu. Na sigiri yenye makaa isiingizwe kulala chumbani milango ikiwa imefungwa. Hewa yake haina harufu, haikohozi mtu, inaua watu wakiwa usingizini.

Maji, mikono na choo

Niliingia katika hosteli moja ambayo sitaitaja. Choo kilikuwa kimejaa mpaka juu, na karibu yake hapakuwa na maji wala sabuni. Mwenye nyumba alikuja tarehe ya pango tu. Wizara ya Elimu imeweka kipimo cha shimo moja la choo kwa wanafunzi 40 shuleni. Hicho ni kipimo cha shule, watoto wanapokaa mchana. Mahali wanapolala, wanapooga na wanapopika, pasiwe pabaya kuliko shule.

Kunawa mikono hakungoji bomba. Chukua jerikani ndogo ya lita 5, itoboe tundu karibu na mdomo, itundike kwenye kijiti kati ya nguzo mbili, funga kamba mpaka kwenye kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Ning'iniza sabuni pembeni. Hicho ndicho kibuyu chirizi. Unanawa bila kushika chombo kwa mkono mchafu, na maji yanayotumika ni kidogo sana. Kiwekwe mlangoni mwa choo, na kingine penye jiko. Maji ya kunywa yachemshwe, yawekwe katika chombo chenye mfuniko.

Wazazi wetu waliokimbilia Zaire na Sudan baada ya vita vya 1979 wanajua kuhara ni ugonjwa gani. Mtu akiharisha, maji ya mwili yanakwisha, na hayo ndiyo yanayomwua. Kila chumba kijue dawa hii: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mgonjwa anywe kidogo kidogo huku akipelekwa kituo cha afya.

Siku za mwezi

Hapa ndipo akina baba tunapotazama chini. Tusitazame chini. Binti asiye na pedi anakaa chumbani siku kadhaa kila mwezi, na karo yake inaendelea kuhesabiwa. Mwingine anatumia kipande cha godoro au kitambaa kibichi. Mwingine anapokea fedha kwa mwanamume asiyemtakia mema, na yanayofuata mnayajua.

Kitambaa si kitu kibaya kikitunzwa. Kifuliwe kwa sabuni na maji safi, kianikwe juani mpaka kikauke kabisa. Kikifichwa chini ya godoro kikiwa na unyevu kinaleta vijidudu na muwasho. Kwa hiyo hosteli iwe na kamba ya kuanikia ndani ya uzio, mahali pa kuogea penye mlango wa kufungwa, na pipa lenye mfuniko, ili pedi za kutupwa zisitumbukizwe chooni na kukijaza.

Kuna na upande wa serikali. Kenya iliondoa kodi ya pedi mwaka 2004, na mwaka 2017 ikatunga sheria ya kuwapa wasichana wa shule pedi bure. Tanzania iliondoa kodi mwaka 2018 ikairudisha mwaka 2019, kwa sababu bei dukani haikushuka. Nafuu iliishia mfukoni mwa mfanyabiashara. Hapa Uganda tuliahidiwa pedi za bure kwa wasichana wa shule wakati wa kampeni za uchaguzi wa 2016, na mwaka 2017 tukaambiwa fedha hazipo. Fundisho ni hili: ahadi bila msimamizi haimfikii mtoto wa mfanyakazi. Chama kinaweza kuwa msimamizi.

Mwenye fagio naye ni mfanyakazi

Katika hosteli nyingi mama mmoja anapika, anafagia, anafungua lango usiku, na akichelewa kulipwa hana pa kusema. Hapewi sabuni, anaambiwa choo kinanuka. Ndugu, hosteli haiwezi kuwa safi kama mwenye fagio ana njaa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri aweke maji ya kunywa, vyoo na mahali pa kunawia kwa wafanyakazi wake. Hosteli iliyoajiri mtu ni mahali pa kazi. Tukimwandikisha mama yule chamani na kudai haki yake, maji atakayopata yeye watayapata na binti zetu.

La kufanya

Kwanza, kila mwanachama mwenye binti hostelini aende mwenyewe kuona anapolala, anapokula na anapojisaidia. Asitume pango kwa simu peke yake. Pili, wazazi wa hosteli moja waende kwa mwenye nyumba kwa pamoja. Mzazi mmoja akilalamika, binti yake anafukuzwa. Wakienda ishirini, wanasikilizwa. Tatu, wasichana wenyewe wachague kamati yao ya usafi na chakula, nasi tuiheshimu kama tunavyoheshimu kamati ya tawi. Nne, tumwalike muuguzi wa kituo cha afya aje kuwapima damu na kuwapa dawa za minyoo.

Mimi niliishia darasa la saba. Sitaki binti wa mwanachama aishie hapo kwa kukosa sabuni, maharage na kipande cha kitambaa. Jambo hili liwe katika ajenda ya mkutano ujao, mara tu baada ya mishahara, na atakayecheka aombwe kusimama atueleze kinachochekesha.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.