Sura ya Tano: Bunge Lililouma Bila Vyama

Anayetaka kupima nguvu za Bunge la Uganda mbele ya serikali hukimbilia kuhesabu viti: upinzani una vingapi, chama tawala kina vingapi. Kwa hesabu hiyo, Bunge la Sita (1996–2001) lingekuwa butu kuliko yote. Vyama havikuruhusiwa kusimamisha wagombea. Kila mbunge alihesabiwa kuwa mwana wa Movement, mfumo huo wa siasa bila vyama, na kiongozi wa Movement alikuwa Rais Yoweri Museveni mwenyewe. Lakini ni Bunge hilohilo lililopiga kura ya kutokuwa na imani na Jim Muhwezi mwaka 1998, na mwaka uliofuata likamfanyia Sam Kutesa vivyo hivyo. Wote wawili walikuwa mawaziri wa karibu na Rais.

Fumbo hili limewashughulisha wasomi kwa miaka mingi. Nelson Kasfir na Stephen Hippo Twebaze walilichambua katika kitabu kuhusu mabunge ya Afrika kilichohaririwa na Joel Barkan na kutoka mwaka 2009. Ukiwasoma, unaona kwamba kutokuwepo kwa vyama kulikuwa sehemu ya jibu. Mbunge alikuwa ameingia kwa jasho lake, hana mnadhimu wa kumkemea wala tiketi ya chama ya kupokonywa. Kikundi cha wabunge wenye ari ya mageuzi kikaona mwanya, kikautumia. Dan Ogalo aliwasilisha muswada binafsi uliozaa sheria ya mwaka 1997, na Bunge likapata tume yake lenyewe ya kusimamia watumishi na fedha zake. Beatrice Kiraso akafuata na muswada uliokuwa Sheria ya Bajeti ya 2001: serikali ilazimike kuleta makadirio ya awali mapema, na Bunge liwe na ofisi yake ya wataalamu wa bajeti. Mimi naiweka sheria hiyo juu ya kura zote za kuwang'oa mawaziri. Waziri aking'olewa, Rais anaweza kumrudisha: Muhwezi alipewa Wizara ya Afya mwaka 2001, na Kutesa akapanda hadi kuwa Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2014. Ofisi ya bajeti ilibaki pale pale Parliament Avenue.

Kisha vyama vikarudi, kwa kura ya maoni ya Julai 2005. Ungetegemea Bunge lipate meno zaidi, lakini wabunge wa NRM, chama tawala cha Museveni, sasa walikuwa na kokasi, yaani kikao chao cha ndani, na hoja nzito zikaanza kuamuliwa Kyankwanzi, kwenye chuo cha uongozi kilicho mbali na Kampala, kabla hazijafika ukumbini. Mwaka huohuo ukomo wa mihula ya urais ulifutwa, baada ya wabunge kupewa shilingi milioni 5 kila mmoja kwa jina la uwezeshaji. Waliokaidi chama waliadhibiwa. Mwaka 2013 NRM iliwafukuza wabunge wanne, akiwamo Theodore Ssekikubo, ikataka na viti vyao. Mahakama ya Juu ilisubiriwa hadi Oktoba 2015 ndipo ikasema kwamba kufukuzwa chamani hakumpotezei mbunge kiti.

Hapa ndipo hesabu ya kura inapompotosha mtafiti. Desemba 2017 ukomo wa umri wa mgombea urais uliondolewa kwa kura 315 dhidi ya 62. Ukisoma tarakimu hizo peke yake utasema Bunge lilitii tu. Lakini ndani ya muswada huohuo wabunge walijiongezea muhula wao kutoka miaka mitano hadi saba, kipengele ambacho Mahakama ya Katiba, ikiketi Mbale, ilikifuta mwaka 2018. Huo si utii mtupu. Ni biashara, na bei yake haionekani kwenye orodha ya waliosema ndiyo. Uwaziri nao ni bei: Katiba ya 1995 inaweka kikomo cha mawaziri 21 wa baraza na 21 wengine, isipokuwa Bunge likiridhia zaidi. Bunge liliridhia, na idadi ikavuka 80.

Michaela Collord, katika kitabu chake cha 2024 kinacholinganisha Uganda na Tanzania, anakwenda chini zaidi, kwenye mali. Anauliza nani anashika njia za kujitajirisha. Pale ambapo wanasiasa wana fedha zao au wafadhili wao binafsi, chama hushindwa kuwafunga kamba, ugomvi wa ndani huhamia bungeni, na Bunge hupata nguvu. Chama kinaposhika mlango wa utajiri, Bunge hunyamaza. Maelezo hayo yanafaa Dodoma na Kampala pia, na kwa maoni yangu yanawazidi Kasfir na Twebaze kwa yaliyotokea baada ya 2005, ingawa kwa Bunge la Sita bado nawaamini hao wawili.

Kilichobaki nyuma ni uchunguzi wa madeni. Wabunge wengi wa Uganda hufika bungeni wakiwa wamekopa kwa ajili ya kampeni, na mshahara huanza kukatwa kabla hawajatoa hotuba ya kwanza. Kwa hiyo mwanafunzi wa Makerere anayetafuta mada ya tasnifu aache kuhesabu kura, afuatilie mikopo hiyo.